Benzi ya Chama cha Maziko

Maneno bin Sefu alikuwa fundi cherehani wa Nyamirambo, mtaa wa Waislamu, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa pia katibu wa chama cha maziko cha mtaa. Cherehani ilimpa chakula. Ukatibu ulimpa heshima, na heshima, tuseme ukweli, aliipenda kuliko chakula. Alitembea na kalamu mbili kifuani, ya buluu na nyekundu. Mtu akizidiwa na ugonjwa, Maneno alianza kupitapita karibu na nyumba ile bila sababu, na wenye mgonjwa walimwona kuwa ndege mbaya. Lakini mtu akifa, machozi yalikuwa hayajakauka Maneno ameshafika, daftari kwapani, anauliza kaburi lichimbwe saa ngapi, sanda ya mume au ya mke, nani apelekewe habari Biryogo na nani apigiwe simu Butare.

Chama kilikuwa cha mafundi cherehani, wenye maduka, wauza nyama na wachuuzi wa vitenge. Jina lako likiwa kwenye daftari, ukifa ulipata sanda, jeneza la kubebewa, wachimba kaburi, na watu. Watu ndio hasa. Mtu wa Nyamirambo aliweza kuvumilia njaa, deni na mke mkali, lakini kwenda kaburini na watu wanne nyuma yake, hilo hakuna aliyelivumilia hata katika mawazo. Upande wa wanawake aliyeongoza kuosha maiti ni Swafiya, muuza vitambaa, mjane mwenye ulimi uliokuwa ukikata kuliko mkasi wake. Maneno na Swafiya walikuwa hawapendani. Walifanya kazi pamoja vizuri sana.

Kitu kimoja tu chama hakikuwa nacho, gari. Aliyefia hospitali kubwa ya mjini alirudishwa kwa kamyoneti ya kukodi ambayo jana yake ilibeba makaa au mbuzi. Mwaka mmoja mama mmoja alifika kwake ameenea vumbi la makaa mpaka usoni, na Swafiya akamwosha mara tatu huku akimtukana dereva, akamtukana mwenye kamyoneti, na mwishowe akamtukana katibu. Tusi lile lilimkaa Maneno rohoni.

Sasa aingie Nsabimana. Alikuwa shefu katika ofisi moja inayohusika na ushuru wa vitu vinavyotoka nje. Ofisi yenyewe haina haja ya kutajwa. Nsabimana alishonesha suti zake kwa Maneno kwa sababu Maneno alijua kuficha kitambi, na kitambi cha Nsabimana kilikua mwaka hadi mwaka kuliko mshahara wake. Mwaka 1983, akiwa amesimama na mikono juu apimwe kiuno, alisema:

"Maneno, nyie watu iko mnabeba maiti na kamyoneti ya makaa. Hiyo haiko muzuri hata kidogo."

"Tutafanyaje, shefu? Gari ni ya wenye nazo."

"Serikali iko na msamaha. Gari ya kanisa, gari ya hospitari, gari ya maiti, zote hapana lipa ushuru. Andika barua moja, piga kashe ya chama. Ingine yote niachie mimi."

"Na gari yenyewe, shefu, itatoka wapi?"

"Iko Wazungu fulani kule Burayi wanasaidia. Weye unauliza sana kama mutu hapana taka."

Hapo mtu mwenye akili angeuliza tena. Maneno alikuwa na akili, lakini hakuuliza. Alikuwa ameshajiona amekaa kiti cha mbele cha gari jeupe, linaingia Nyamirambo polepole, na Swafiya amesimama mlangoni hana la kusema. Sheria ya chama ilikuwa wazi: karatasi yoyote kabla ya kugongwa muhuri isomwe na watu watatu. Maneno hakumwita wa pili wala wa tatu. Alitaka iwe zawadi yake peke yake. Aliandika barua kwa Kifaransa cha shule ya msingi, akatia saini yenye mkia mrefu, akagonga. Nsabimana aliposema fomu za mpakani ni nyingi na ingefaa aazimwe hiyo kashe, yaani muhuri wenyewe, siku mbili tatu, Maneno akaitoa kwenye droo ya cherehani na kumkabidhi. Hapo ndipo alipouza kichwa chake, tena bila kulipwa hata senti.

Muhuri ulitoka Ijumaa ukarudi Jumatatu. Wino wa chama ulikuwa wa zambarau, lakini muhuri ulirudi umejaa wino mwekundu. Maneno aliuona, akaufuta kwa kipande cha kitambaa, akaendelea kushona.

Siku ya Idi alisimama baada ya sala akatangaza kwamba, inshallah, gari la chama liko njiani. Watu waliitikia takbiri. Wazee walimshika mkono. Mama yake, Nyiraneza, aliyekuwa ameanza kuvimba miguu na kukatwa pumzi, alipelekewa sahani nne za pilau kutoka nyumba nne kwa sababu ya mwanawe. Kwa miezi kadhaa Maneno aliitwa mtu wa gari, na aliitika.

Gari halikuja. Mwezi wa tatu baada ya Idi alisema meli imechelewa Mombasa. Mwezi wa sita alisema barabara ya Uganda ina matatizo. Haya hakuyatunga, aliambiwa na Nsabimana, naye aliyapeleka mtaani kama alivyopewa. Mwezi wa tisa watu waliacha kuuliza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Aliyeleta habari ni Uwimana, fundi wa magari, mtoto wa Nyamirambo aliyefanya kazi gereji moja ya mjini. Alikuja dukani kwa Maneno asubuhi, mbele ya wateja, mikono bado ina grisi.

"Katibu, gari yetu nimeiona."

Maneno aliruka kitini. "Wapi? Imefika?"

"Imefika siku nyingi. Iko Benzi nyeupe, ile ya mgongo mrefu, mlango nyuma. Imeletwa kubadilishwa mafuta. Nimetafuta kitabu chake mu kasha ya mbele, nikaona kadi ya njano. Mwenye gari: chama cha maziko, Nyamirambo. Kazi ya gari: kubeba maiti." Uwimana alifuta mikono kwa suruali yake, hakucheka. "Aliyeileta ni bibi ya shefu Nsabimana. Nyuma kulikuwa kreti ya bia na viatu vyake vya kuchezea tenisi."

Wateja walimtazama Maneno, na mmoja akachukua kitambaa chake mezani, akakikunja, akatoka nacho. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika Biryogo, na huko ilifika ikiwa imeshanenepa: Maneno ameuza gari la wafu.

Chama kilikutana madrasa baada ya alasiri. Maneno alieleza yote, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo, kwa sababu ukweli wake ulikuwa wa kijinga mno. Nani angeamini kwamba mtu mzima, katibu wa kalamu mbili, alimpa mtu wa ushuru muhuri kwa siku tatu bure?

"Bure?" aliuliza Swafiya kutoka upande wa wanawake. "Nsabimana mkono mtupu haulambi. Leo weye ndo amekulamba bure?"

"Wallahi, dada Swafiya, sikula kitu."

"Basi heri ungekula. Mwizi tungemjua. Sasa tuko na mjinga, na mjinga hana dawa."

Watu walicheka kicheko kile cha chuki. Mwenyekiti alitaka muhuri, akapewa. Akataka daftari, akapewa. Kisha wakamchagua katibu mwingine palepale, na kwa kuwa yule hakuwa na kalamu, aliazima nyekundu ya Maneno na kuchora msitari juu ya jina lake. Jina la Nyiraneza liliandikwa chini ya la mwanawe, kama tegemezi. Msitari uliteremka ukalipitia na hilo.

Kesho yake Maneno alikwenda ofisini kwa Nsabimana. Aliwekwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi watu wa mchana waliporudi kazini. Alipoingia, Nsabimana hakumkaribisha kiti.

"Shefu, nimekuja kwa ajili ya gari."

"Gari gani?"

"Ile ya maiti. Ile Benzi."

Nsabimana alivuta dosiye, faili la karatasi, akaifungua, akaweka kidole chake kinene chini ya karatasi. "Hii saini ya nani?"

"Yangu."

"Kashe ya nani?"

"Ya chama."

"Na jina yangu, iko wapi hapa? Tafuta. Tafuta vizuri, chukua rineti, vaa kwa macho." Alingoja. "Haiko. Basi mwizi nani?"

Maneno alifungua mdomo. Nsabimana alivuta dosiye ya pili, akaiweka juu ya ile ya kwanza, halafu ya tatu. Fomu za dosiye zote zilikuwa na muhuri wa chama, mwezi na nyota, katika wino mwekundu. Nyamirambo maskini ilikuwa imeingiza nchini Benzi tatu za kubebea maiti, zote bila ushuru, na mbili zilikuwa zimeshauzwa kwa watu ambao Nsabimana hakutaka hata kuwataja kwa sauti.

"Ukifungua mudomo, weye ndo utaenda gereza," alisema Nsabimana, "na mimi ndo nitakuja kukushitaki. Toka. Na ile suruali ya kijivu, nitatuma mutu aichukue."

Maneno alirudi kwa miguu. Alimchukia Nsabimana mpaka meno yakamuuma, lakini njia nzima alijichukia mwenyewe zaidi. Na suruali ya kijivu aliimaliza. Aliimaliza vizuri, kwa sababu hakujua kushona vibaya, na jambo hilo nalo lilimtia hasira.

Nyumbani mama yake alikuwa ameshasikia. Nyiraneza alizaliwa kwenye vilima vya Gitarama, akamfuata mfanyabiashara Mwislamu, akasilimu, na ndugu zake wakamwambia asirudi. Hakurudi. Kwa miaka arobaini alipika kwenye kila harusi na kukaa kwenye kila matanga ya Nyamirambo, mpaka akawa wa hapo kuliko waliozaliwa hapo. Sasa alikuwa ameketi mkekani, pumzi inakatika, na hakuna aliyekuja kumjulia hali tangu jana.

"Mwanangu," alisema, "mimi niliacha watu wangu wote kwa dini ya baba yako. Wale hawatakuja kunizika. Watu wangu ni hawa. Umewafanya nini watu wangu?"

"Nitalirekebisha, mama."

"Lirekebishe mbio. Mimi sina muda."

Alijaribu. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akapokewa kwa adabu kavu, ile ya kupewa kiti na kunyimwa chai. Aliandika barua kwa wakubwa wawili na hakujibiwa. Wateja walipungua, wakabaki Wakristo wa ng'ambo ya barabara ambao hawakujua habari. Mvua za mwaka 1984 zilipoanza, Nyiraneza alilazwa hospitali kubwa. Alikaa huko siku kumi na mbili, na katika siku hizo mtu pekee wa Nyamirambo aliyekwenda kumwona ni Uwimana, fundi wa magari, aliyejiona kama ndiye aliyesababisha.

Alifariki Jumapili, kumekucha. Maneno alishuka mjini, akapanda Nyamirambo, akasimama mlangoni kwa Swafiya. Miaka kumi na mmoja ni yeye aliyepelekewa habari za namna hii, na sasa hakujua zinasemwaje.

"Mama ametutoka," alisema.

Swafiya alisema innalillahi, akasimama. "Tutamwosha mama yako kwa sababu Mungu ametuamuru, si kwa ajili yako. Wanaume nitawaambia waje na jeneza, kwa hiyo hiyo sababu. Maji yatakuwa tayari nyumbani kwenu." Alianza kufunga kilemba chake. "Lakini gari ya kumtoa hospitali, usituulize sisi. Si uliagiza yako?"

Walikuja wanaume wanane hospitali, wa faradhi tu. Walimwekea Nyiraneza kitenge juu, wakainua jeneza mabegani, na hakuna aliyempa Maneno pole kwa mkono wake. Alishika mti wa mbele upande wa kulia, kama mwana anavyostahili. Uwimana alishika wa kushoto. Wakatoka getini. Njia ya Nyamirambo ilikuwa upande mmoja. Upande wa pili barabara ilipanda kwenda Kiyovu, kwenye miti, maua na mageti ya chuma ya wakubwa.

Maneno aligeukia Kiyovu.

Ni lazima ijulikane jambo moja. Jeneza likishainuliwa, halisimamishwi njiani kwa mabishano, na anayebeba nyuma anamfuata anayebeba mbele. Mtu hawezi kugombana chini ya maiti. Wale wa nyuma walinong'ona, "We Maneno, wapi huko?" lakini miguu yao ilikuwa inakwenda. Uwimana alimtazama mara moja, akaelewa, akakaza bega. Na tena ni desturi: Mwislamu akikuta jeneza linapita huacha shughuli yake akatia bega hata kama hamjui maiti. Muuza kahawa alijiunga. Madereva wawili wa malori wakajiunga, na wapishi na watumishi wa Kiyovu waliokuwa na mapumziko ya Jumapili. Walipofika kwa Nsabimana walikuwa watu kama arobaini, wanaitikia La ilaha illa Llah, na Maneno alikuwa hajasema neno kwa mtu yeyote.

Siku hiyo mtoto wa Nsabimana alikuwa amepokea komunyo ya kwanza. Geti lilikuwa wazi. Kulikuwa na turubai bustanini, mishikaki ya mbuzi, bia, padre wa parokia, na mkubwa wa kazi wa Nsabimana pamoja na mkewe. Benzi ilikuwa imesimama mbele ya nyumba, imeoshwa, ina riboni nyeupe toka kwenye taa hadi kwenye kioo. Mlinzi alipoona ni maiti, aliondoa kofia na kuwapisha. Jeneza likaingia mpaka kwenye changarawe.

Mke wa Nsabimana, Mukandekezi, ndiye aliyepiga kelele kwanza. "Mana yanjye, Mungu yangu! Mutoe hiyo kitu hapa! Iko watoto!"

Nsabimana alikuja na leso ya mezani bado iko shingoni. Alimwona Maneno na uso wake ukabadilika rangi.

"Ondoa maiti kwa mulango yangu."

"Tutaondoa, shefu," alisema Maneno. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile aliyokuwa akiitumia kuuliza urefu wa mkono. "Tumekuja na gari letu tu. Mama yangu amefia hapo hospitali, na gari la maiti liko kwako."

"Hapana gari ya maiti hapa!"

Kwa mkono mmoja, mwingine umeshika jeneza, Maneno alitoa mfukoni nakala ya ile barua aliyoiandika kwa karatasi ya kaboni. Akaisoma kwa sauti, Kifaransa chake kibovu chote, gari moja la kubebea maiti, msamaha wa ushuru, jina la chama, na mwisho jina la shefu aliyeipokea kwa mkono wake, ambalo Maneno alikuwa ameliandika kwa kalamu ya buluu chini ya nakala tu. Alisoma pole pole ili wageni wasikose kitu. Chini ya turubai uma ziliacha kugonga sahani. Mkubwa wa kazi wa Nsabimana alitazama Benzi, akatazama barua, kisha akaanza kutazama saa yake, kama mtu anayejua kila kitu na asiyetaka kuonekana anajua.

Nsabimana alisimama katikati. Akisema gari ni langu, mkubwa wake yuko pale anasikia. Akisema si langu, wenye nalo wako pale na maiti wao. Jasho lilimtoka kwenye kola.

"Nsabimana, mwanangu," padre alisema kutoka mezani, bado ana mshikaki mkononi, "mutu amekufa. Wape gari."

Mkubwa wa kazi alikohoa. "Kama ni ya kwao," alisema, "wape."

Funguo zilitoka mfukoni zikatupwa kwenye changarawe. Uwimana ndiye aliyeinama kuziokota, kwa kuwa ndiye aliyelijua gari. Walifungua mlango wa nyuma, wakamwingiza Nyiraneza, na jeneza likakaa sawasawa kabisa, halikubana wala halikucheza. Nsabimana alimsogelea Maneno mpaka pua zikakaribiana.

"Hii utalipa," alisema kwa sauti ndogo. "Nakuapia, utalipa mpaka utamulilia mama yako akurudishe tumboni."

"Mama yangu anangojewa," Maneno alimjibu, akaingia kiti cha mbele.

Nyamirambo ilipoiona Benzi ile inapanda polepole na riboni zake, hakuna aliyebaki dukani. Wengine walitoka kwa ajili ya Nyiraneza. Wengine, na tusidanganyane, walitoka kuona gari. Ila aliyelifuata gari alilazimika kufika nyumbani, aliyefika nyumbani alilazimika kungoja, na aliyengoja alikwenda kaburini. Swafiya alisimama mlangoni mwa Maneno na wanawake wake, mikono imekunjwa. Alilitazama gari kwa muda. Maneno aliteremka akasimama mbele yake.

"Mlango wa nyuma unafunguliwa vipi?" aliuliza Swafiya.

Hakusema jingine siku hiyo. Walimwosha Nyiraneza, wakamvika, wakamrudisha ndani ya Benzi, na safu ya watu ilikuwa ndefu hivi kwamba walio mbele walikuwa wameshaanza kumwaga udongo wa mwisho na walio nyuma bado wako barabarani.

Alhamisi walikuja wanaume wawili wakamchukua Maneno kwenye cherehani, suruali ya mtu imebaki chini ya sindano. Benzi ilirudishwa kwa Nsabimana kwa nguvu, lakini Mukandekezi aliapa kwamba hatakanyaga ndani ya gari lililobeba mfu, wala watoto wake. Hakupatikana wa kuinunua pia, maana mji mzima ulikuwa unajua ilibeba nini. Wakubwa waliokuwa wakingoja fungu lao la bei yake walimlaumu Nsabimana, na Nsabimana akahamishiwa ofisi nyingine, kubwa zaidi. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Aliyesema hivyo hakuwahi kufanya kazi ofisi ile.

Kesi ilisikilizwa mwanzoni mwa 1985. Maneno alishitakiwa kuingiza magari matatu ya anasa kwa hila na kuikosesha serikali ushuru. Nsabimana alikuja kutoa ushahidi akiwa amevaa suruali ya kijivu, na Maneno, kizimbani, alijikuta anaangalia kama pindo limekaa sawa. Shahidi aliapa kwamba Benzi ile aliazimwa na mshitakiwa siku moja tu kwa sherehe ya mtoto. Barua ilionyeshwa. Muhuri ulionyeshwa. Swafiya na wengine kadhaa wa mtaa walikaa viti vya nyuma, hawakuulizwa kitu.

Hakimu alikuwa amechoka. "Mshitakiwa, unasema hukupata kitu. Wewe ni fundi cherehani, unaagiza Benzi tatu, hupati kitu. Basi niambie, nani alifaidika na gari hili?"

Maneno alifikiri sana, kwa sababu alitaka kwa mara moja kusema jambo ambalo hakuna mtu angeweza kulikanusha.

"Mama yangu," alisema. "Lilimbeba kutoka Kiyovu mpaka nyumbani, na kutoka nyumbani mpaka kaburini."

Karani aliandika. Makarani huandika wanachosikia. Maneno alifungwa miaka miwili, na ushuru wa gari lile ukaamriwa udaiwe kwa aliyelifaidi.

Kwa hiyo wiki chache baadaye tarishi mmoja wa serikali alipanda Nyamirambo kwa pikipiki, na bahasha yenye mihuri. Aliulizauliza, akaelekezwa kwa Swafiya, aliyekuwa anampimia mteja kitambaa, wanawake wengine wameketi wanazungumza.

"Mama, natafuta Nyiraneza. Iko barua yake. Anaripa ushuru ya gari."

Wanawake waligeuka kumtazama. Swafiya aliweka mkasi chini, akamwambia aisome barua yote, kwa sauti. Tarishi aliisoma: jina la mdaiwa, aina ya gari, siku alizopewa za kulipa, na kwamba akikaidi atachukuliwa hatua kali.

"Umemkosa kidogo tu," alisema Swafiya. "Panda hivyo mpaka makaburini. Ingia kwa adabu, toa salamu. Msitari wa pili, kaburi lenye mawe meupe. Mpe mkononi mwake, asaini mwenyewe. Na hizo hatua kali, kama mnazo za kuwashinda Munkar na Nakir, malaika wa kaburini, mkamchukulie."

Mmoja wa wanawake alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Tarishi aliona haya. Alikuwa mtu mzima, ametumwa, na mvua ilikuwa inakuja.

"Mama, mimi hapana kosa. Kama amekufa, lazima niandike mutu. Nani mrithi wake?"

Swafiya alichukua tena mkasi. Katibu mpya wa chama alikuwa amekaa hapohapo kwenye kizingiti, daftari magotini. Swafiya alimtazama yeye kwanza, halafu tarishi.

"Andika," alisema. "Mrithi wake ni katibu wetu. Ninyi ndio mnaye, mmemfunga."